Familia ya Bibi 👵🏾

Shangazi Rehema 07:12
Habari za asubuhi. Zuhura kabakiza wiki tano. Suala la kuhifadhi benki damu ya kitovu cha mtoto, kwa ajili ya Salim, nataka jibu LEO. Mfuko wa kukusanyia uwe mkononi kabla ya uchungu, si kuutafuta mtu yuko leba.

Shangazi Rehema 08:40
Tiki za buluu kumi na moja. Mnasoma hamjibu.

Juma 08:43
Shangazi, umeme ukikatika huko benki itakuwaje? 😂

Shangazi Rehema 08:44
Inakaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Haingoji umeme wako.

Hamisi 09:15
Zuhura ataumia?

Shangazi Rehema 09:16
Hapana. Mtoto keshatoka, kitovu kimebanwa na kukatwa, ndipo mkunga anavuta damu iliyobaki upande wa kondo. Dakika chache tu. Isipochukuliwa inatupwa.

Mwanaidi 10:02
Mbona chama cha madaktari wa watoto Marekani hakishauri watu kuweka benki binafsi?

Shangazi Rehema 10:05
Kwa wasio na mgonjwa ndani, sawa. Sisi tuna Salim na seli mundu yake. Damu ya kitovu ina seli shina, zile zinazotengeneza damu mpya, ni za kumtibu yeye, mdogo wake akizaliwa hana ugonjwa na tishu zao zikilingana. Paris 1988, wa kwanza kabisa kutibiwa hivi alipewa damu ya dada yake mchanga.

Mjomba Saidi 10:31
Uwezekano wa kulingana?

Shangazi Rehema 10:32
Mmoja kati ya wanne.

Mjomba Saidi 10:34
Tuchangie robo? Na hesabu ya mchango wa kumlaza Salim sijaiona hadi leo.

Shangazi Rehema 10:34
Kaka, ungechanga ungeiona. Simu ulizima siku tatu.

Mjomba Saidi 10:36
Iliibiwa.

Juma 10:36
Ikarudi yenyewe siku ya nne. Simu ina adabu hiyo 😂😂

Zuhura 10:50
_Ujumbe huu umefutwa_

Shangazi Rehema 10:51
Zuhura umeandika nini?

Bibi 13:20
Nimesomewa yote. Kitovu kisikatwe mbio. Mtoto apate damu yake kwanza, itakayobaki ndiyo ya Salim. Rehema, mwenye tumbo umemuuliza? Saidi nipigie.

Shangazi Rehema 15:47
Sawa mama.

Shangazi Rehema 15:49
Ila wakisubiri hizo dakika mbili tatu, ya kuhifadhi inapungua, na Salim si mtoto mdogo tena, anahitaji nyingi. Hamisi muulize daktari wasubiri kiasi gani. Na nani ataipeleka maabara? Mwisho saa 48.

Zuhura 18:05
Kwa Salim nakubali. Lakini daktari nitamuuliza mwenyewe, shangazi. Kliniki ni Alhamisi.

Shangazi Rehema 18:06
Sawa mwanangu. Wa kuipeleka maabara je?

Fatma 22:38
👍🏾

Shangazi Rehema 22:39
Fatma, hiyo ni ya kupeleka au ya nini?