Vazi la korongo: binti akiinua mabawa gauni lote linapanda, nisaidieni kabla ya tamasha

Bint_Bombo:
Hodi jamvini. Niko Bombo, mama wa watoto watatu. Cherehani ninayo, ya mkono, aliyoniachia marehemu mama. Ufundi ndio sina: najua kupinda mapazia na kutia viraka, basi.

Sasa binti yangu wa miaka sita amechaguliwa kuwa korongo kwenye tamasha la shule la kufunga mwaka. Si mti, si ua, si mmoja wa wale thelathini wanaosimama nyuma wakipiga makofi. Korongo mwenyewe, yule wa kwenye bendera yetu ya Uganda, na atacheza peke yake dakika mbili nzima. Tangu aambiwe hatembei tena, anaruka.

Fundi wa mtaani kanitajia shilingi 90,000, nikaona bora nijitose. Nimenunua shuka nyeupe ya mtumba na kitambaa cha kijivu, nikakata gauni kwa kufuatisha gauni lake la Idi, halafu mabawa nikayashonea kwenye mikono, kuanzia kiwiko mpaka kiunoni. Likiwa limelazwa kitandani linapendeza kweli. Jana nikamvika. Alipoinua mikono tu, gauni likapanda mpaka kitovuni na kwapa la kulia likaachia, trrr! Akalia. Mimi nilicheka kwanza, halafu nikaingia jikoni nikalia na mimi.

Taji nalo nimetengeneza kwa njiti za ufagio, nikabandika kwenye bendi ya nywele. Akiinama linamwangukia usoni, njiti moja nusura imchome jicho. Na cherehani yenyewe imeanza kunifanyia fundo la uzi chini ya kitambaa.

Zimebaki siku 11. Nikipata pumzi nataka pia kumshonea mdogo wake wa miaka minne gomesi, lile gauni refu la mabega ya ncha na mshipi mkubwa, ya kuvaa kwenye kwanjula (sherehe ya kutambulishana kabla ya ndoa) ya mjomba wao mwezi wa Desemba. Nianzie wapi?

Mpita_Njia_Kla:
Dada, kodisha. Kampala mavazi ya watoto yanakodishwa, unarudisha Jumatatu, unalala usingizi wako.

Bint_Bombo:
Nimeshapiga simu mahali pawili. Pa kwanza wana simba. Pa pili wana simba na nyuki.

FundiMzee_Jinja:
Mwanangu, usilitupe hilo gauni, linapona. Miaka arobaini nimekaa nyuma ya cherehani, na kosa lako nimelifanya kabla yako.

Kwapa ulilikata chini sana, siyo? Ukaona likiwa kubwa mtoto atapata nafasi. Ni kinyume chake. Kwapa likishuka, mkono ukipanda unavuta nguo nzima kutoka ubavuni. Likikaa juu, karibu na mwili, mkono unapanda peke yake na gauni linabaki mahali pake. Kwa kuwa umeshakata, tia kiraka cha kwapa: kipande cha mraba, sentimita 10 kwa 10, ongeza sentimita moja na nusu kila upande ya mshono. Kikae kiupande, pembe moja ielekee mkononi, ya pili mbavuni. Piga bandi kwa mkono kwanza, mvike, mwambie ainue mikono kama anayechuma embe. Gauni likitulia ndipo upitishe cherehani.

Mabawa yafumue yote. Bawa lililoshonwa mkononi na kiunoni ni pingu, mtoto atachezaje? Kata nusu duara, upande ulionyooka uwe na urefu wa kutoka kifundo cha mkono mmoja hadi cha pili akiwa ametanua mikono. Ushikize nyuma ya shingo na mabegani tu. Kwenye ncha tia lastiki mbili, moja ya kifundo, moja ya kidole cha kati. Akitanua linafunguka, akishusha linalala mgongoni kama leso.

Fundo la uzi: wengi hulaumu bobini, lakini mara nyingi shida iko juu. Inua mguu wa cherehani kwanza ndipo utunge uzi. Mguu ukiwa chini, vile visahani vya kukazia vimebana, uzi haupiti katikati yake, unalegea na kujikusanya chini.

Mama_Pacha_Busia:
Shikamoo mzee, hiyo ya mguu imenigusa. Mwaka mzima namlaumu bobini wa watu!

Bint_Bombo, manyoya usikate kwenye shuka, itachuruzika nyuzi kila upande na huwezi kupinda manyoya mia. Tafuta fulana nyeupe za mtumba, hata zenye madoa. Kitambaa cha fulana ukikata hakifumuki, kinajikunja kidogo pembeni, na hicho ndicho unachokitaka. Anza kushonea safu ya chini kabisa, panda juu, kila safu ifunike kichwa cha iliyotangulia kama mabati. Chini manyoya ya sentimita 20, juu 10 yatosha. Cherehani ikiruka mishono kwenye fulana, weka gazeti chini ya kitambaa, shona vyote pamoja, ukimaliza chana gazeti litoke.

Wa_Ngaali:
Mimi kwa Baganda ni wa ukoo wa Ngaali, yaani korongo ndiye mwiko wetu, kwa hiyo hapa sinyamazi 😄

Kwanza, mtu akikuletea manyoya ya ndege mwenyewe, kataa. Wamebaki wachache na wanalindwa na sheria.

Pili, watu hushona korongo mweupe mtupu, anaonekana kama kuku wa kizungu. Mwili ni kijivu, hapo uko sawa. Mabawa ni meupe lakini yana manyoya ya hudhurungi na ya dhahabu, kwa hiyo changanya safu moja ya hudhurungi. Miguu myeusi, mtafutie soksi ndefu. Shavuni ana bamba jeupe, na chini ya kidevu ana kifuko chekundu kinaning'inia. Hicho chekundu usikisahau, ndicho kitakachofanya hata mtu wa kiti cha nyuma aseme, ah, ngaali!

Na yule wa kwenye bendera ameinua mguu mmoja. Mzoeze kusimama hivyo mwishoni.

Bibi_wa_Arua:
Mjukuu wangu, tupa hizo njiti kabla hazijatoa jicho la mtu. Nunua kamba ya katani, ifumue, ichane kwa kitana kikuukuu. Chemsha kwenye maji ya manjano, anika kivulini. Halafu korogea uji mwepesi wa wanga wa muhogo, chovya, kisha funga kwenye chupa ikauke ikiwa imesimama. Itakuwa ngumu kiasi, lakini haichomi.

Usiishonee kwenye bendi, bendi itateleza tu. Shonea kwenye kofia ya kitambaa inayoshika kichwa, na kofia ifungwe chini ya kidevu. Ule mkanda wa kidevu ufanye mwekundu, mpana kidogo, ujaze pamba. Basi umepata kifuko cha huyo ndege na kofia haitoki.

Bint_Bombo:
Bibi!!! Mkanda ndio kifuko. Nimekaa hapa kitandani nacheka peke yangu.

Mama_Pacha_Busia:
Kwa gomesi ya mdogo: usikate kwa kupunguza ya mtu mzima, mabega yatamla mtoto. Yale mabega ya ncha yafanye madogo, ndani tia kitambaa kigumu kidogo. Vifungo viwili, upande wa kushoto. Na chini ya ule mshipi mkubwa ficha lastiki, maana wa miaka minne atakimbia tu, kwanjula isiwe kwanjula.

FundiMzee_Jinja:
Kwa kuwa mmetaja gomesi: jina linatokana na Gomes, fundi Mgoa, aliyewashonea wasichana wa shule ya Gayaza mwaka 1905. Ndivyo tulivyosimuliwa na waliotufundisha kazi. Naye alikuwa akishonea watoto wa shule, Bint_Bombo, usijidharau.

Bint_Bombo:
Mrejesho, wakuu. Tamasha lilikuwa jana. Kofia haikusogea hata alipoinama mara tatu. Katikati alisahau hatua, akasimama kwa mguu mmoja akitikisa kichwa mpaka ngoma ikamrudia, watu wakadhani ndivyo ilivyopangwa. Baba yake alirekodi, lakini nusu ya video ni kisogo cha mzazi wa mbele.

Swali jipya: alilala na kofia. Manjano yanatokaje kwenye foronya nyeupe?

Bibi_wa_Arua:
Sabuni, kisha juani kutwa nzima. Manjano hayana ubavu mbele ya jua.

FundiMzee_Jinja:
Na kwapa?

Bint_Bombo:
La kulia limeshika, mzee. La kushoto nalishona tena leo, maana amesema kesho anakwenda nalo madrasa.