Naombeni ushauri: nimepata udaktari Bugando, nijipangeje na makazi?

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nimechaguliwa kusoma udaktari Bugando, Mwanza. Miaka 5 ya masomo, kisha mwaka 1 wa intanishipu. Nimelia kwa furaha, ila sasa usingizi hauji.

Nyumbani ni Kibirizi hapa Kigoma, baba anavua dagaa. Hela yetu huingia wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala ufukweni. Dalali niliyempigia anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, na kabla ya hapo hela ya kuonyeshwa chumba tu! Baba atazitoa wapi? Na boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa nitakula nini?

Hosteli ya chuo ingenifaa zaidi. Mliosoma pale, niwahi siku ngapi ili nipate kitanda? Nikikosa, wapo wanaochangia chumba? Na ule mlima kilipo chuo, mtu anaweza kupanga bondeni akaupanda kwa miguu kila asubuhi?

Koti jeupe na stethoskopu ninunue sasa au nisubiri? Laptopu ya mtumba itatosha?

Nauli ya basi ninayo, na mama ameshanifungia migebuka mikavu na dumu la mawese. Naombeni majibu, hata ya inboksi nitapokea.