Waniuzia laptopu yenye madoa kiooni, kisha wasingizia chumvi ya Lamu!

Wanajamvi, salaam aleikum. Leo nimekuja na hasira zangu na sitaki kuambiwa nitulie kwanza.

Nimenunua laptopu ya mtumba, zile zinazoletwa kutoka ng'ambo zikapanguswa na kubandikwa "gredi A", kwa muuzaji mmoja wa Mombasa. Duka silitaji, kampuni iliyounda mashine siitaji pia, na msinifuate inbox kuniuliza. Shilingi 46,000 kwa M-Pesa, na wakati wa kupokea hela hakukuwa na kuchelewa hata kidogo. Mzigo ukapanda basi hadi Mokowe, ukavuka kwa boti, nikaupokea jetini hapa Amu, yaani Lamu, bado umefungwa kwa selotepu yake. Kazi yangu ni kadi za harusi, mabango ya safari za mashua na kusafisha picha za wageni, kwa hivyo kwangu mimi kioo ndiyo laptopu yenyewe. Mengine yote yavumilika. Betri ikiwa dhaifu nitachomeka, spika ikikoroma nitaizima.

Nikaiwasha, ikawaka vizuri, rangi safi kabisa. Balaa nimeliona nilipoizima.

Kioo kikiwa cheusi, kiinamishe kidogo kuelekea dirishani. Nusu ya chini, safu za vibonye zimejichapa kimoja kimoja, tena zimepinduka: kibonye kirefu cha nafasi kimekaa juu ya safu nyingine zote, na juu yake zaidi waziona pembe za tachipadi. Kando ya kamera pamebambuka vipande vipande. Sehemu ya kioo isiyochunika ina rangi ya zambarau inayoelekea kijani, na palipochunika pamebaki weupe wa kung'aa. Ukipitisha ukucha husikii mkwaruzo wowote. Kitambaa hakitoi kitu, maana si uchafu.

Nikapiga picha, nikamtumia. Tiki za buluu zilikuja papo hapo, jibu likasubiri mpaka usiku: "Dadangu, hiyo ni chumvi ya huko kwenu Lamu. Laptopu haziwezi hewa ya bahari."

Hebu lisomeni tena jibu hilo. Mtu yuko Mombasa, kisiwa, kazungukwa na maji pande zote, aniambia mimi kuhusu hewa ya bahari!

Sasa tuzungumze chumvi, maana hilo sisi Waamu hatufundishwi. Chumvi yala skrubu za chini mpaka zinapukutika kutu. Yala tundu la chaja, yafanya ukijani kwenye viungio vya shaba, yakaza bawaba mpaka kifuniko kinalia kikifunguliwa. Kila mwenye kompyuta hapa mjini ameyaona hayo. Hii mashine niliigeuza nikaitazama tumbo: skrubu zote zang'aa, tundu la chaja safi, bawaba laini. Chumvi gani hiyo inayoruka chuma chote, ikaingia kiooni na kuchora vibonye kwa mpangilio wake, safu baada ya safu? Na iliyachora saa ngapi, kati ya Mokowe na jeti, ndani ya boksi lililofungwa?

Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa mtaa wa Usita wa Mui hapa mjini, mzee aliyeanza na redio kabla ya simu za mkononi kufika. Mimi nikawa nahangaika kuiwasha nimwonyeshe. Akanizuia mkono: "Mwanangu, wacha ilale. Kioo chatazamwa kikiwa kimezimwa." Akachukua kurunzi ya simu, akaimulika kwa ubavu, akatazama muda mfupi tu, akaifunga. "Utando umekufa. Huu umekufa zamani, si wa jana." Kisha akaniuliza nimelipa ngapi, nikamwambia, akasonya. Msonyo ule ulikuwa mrefu kuliko maelezo yake.

Kwa wasiojua utando wenyewe ni kitu gani: vioo vingi vya kung'aa vya laptopu za bei hupakwa tabaka jembamba sana la kupunguza mng'ao. Kioo kitupu hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga unaokigonga usoni; utando mzuri huishusha ikawa chini ya asilimia 1. Tabaka lenyewe unene wake huhesabiwa kwa nanomita, 100 hivi, ili miali inayorudi juu ya utando na ile inayorudi chini yake ikutane na kuuana. Ile zambarau unayoiona kioo kikiwa kizima ni mabaki ya mwanga ambao haukuuawa wote. Utando ukichunika mahali, hapo mwanga warudi kama kawaida ya kioo, ndipo doa laonekana.

Na wachunika kwa nini? Kwa kugandamizwa. Kifuniko kikifungwa, mashine ikatiwa ndani ya mkoba uliojaa, vibonye vyenye mafuta na jasho la vidole vyakaa vimekilalia kioo kwa shinikizo, kila siku, mwaka baada ya mwaka. Kisha mtu huja na dawa ya kusafishia madirisha, ile yenye amonia, na tambara la kukwaruza, akasugua. Ndiyo maana nasema haya madoa ni ya mwenye mashine wa kwanza huko alikokuwa, na aliyeiandika gredi A aliyaona.

Tena si ugonjwa mpya. Laptopu za Apple, MacBook Pro za kioo cha Retina zilizotoka kuanzia 2012, zilivuma kwa jambo hili hili. Wateja wakakusanyana mtandaoni, wakaweka picha za madoa, mkasa ukapewa jina Staingate. Oktoba 2015 kampuni ikaanza kubadilisha vioo bure. Haikutangaza hadharani, iliwaarifu mafundi wake tu, mwenye kujua akapona na asiyejua akalipa. Baadaye muda ukawa miaka 4 tangu siku ya kununua, na mashine za miaka ile zimeshauvuka. Nawatajia Apple kwa sababu habari yao ilijulikana dunia nzima. Yangu ni ya kampuni nyingine, na sijasikia kwamba hiyo iliwahi kumfidia mtu. (Apple hao hao 2021 wakaanza kuuza kitambaa cha kupangusia kioo kwa dola 19. Kitambaa. Haya.)

Turudi kwa bwana wetu. Nilipomwambia habari ya vibonye, chumvi akaiacha. Jibu la pili: "Hiyo ni filamu ya kulinda kioo, ichubue tu itoke." Yaani nichubue kwa ukucha kitu chenye unene wa nanomita! Jibu la tatu, ambalo ndilo lililonipandisha mori: "Nilikutumia video kabla hujalipa, uliiona ukaridhika."

Video ninayo mpaka sasa. Nimeitazama tena. Kioo kimewashwa mwanzo hadi mwisho, mwangaza umepandishwa juu kabisa, na picha aliyoiweka nyuma ni nyeupe tupu. Hakuna hata mahali pamoja alipokizima. Mtu asiyejua ataona ukarimu, anaonyeshwa kioo kisicho na nukta mbovu hata moja. Kumbe mwanga wa ndani ukiwa mkali wazima kabisa mng'ao wa nje, doa halionekani. Wenye biashara hii wanalijua hilo fika.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, yasema kweli kwamba mnunuzi akishakagua bidhaa, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Hapo ndipo wanapojificha. Lakini ukaguzi gani? Ukaguzi wa video aliyoipanga yeye mwenyewe, ambayo hata ungeitazama kwa darubini isingekufichulia doa? Na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 yahesabu kuwa ni uongo wa kibiashara kusema bidhaa ina ubora au gredi ambayo haina. Neno "gredi A" aliliandika yeye, kwa mkono wake, kwenye WhatsApp. Mahakama ya madai madogo hupokea kesi zisizozidi shilingi 1,000,000 na si lazima uwe na wakili. Nimemwandikia hayo yote. Akanijibu kwa emoji ya kucheka, halafu kesho yake akanipa "ofa": atanirudishia shilingi 2,000, tuyamalize kindugu.

2,000! Kwenye mashine ya namna hii kioo na utando na kifuniko vimegandishwa pamoja, huwezi kubadilisha kioo cha mbele peke yake. Lazima ununue kifuniko kizima cha juu, na bei niliyotajiwa yapita nusu ya niliyolipa. Undugu wa 2,000 abaki nao.

Mtaniuliza madoa yanikosesha nini hasa. Niko chumba cha mbele, mlango wazi, na mkabala wangu kuna ukuta uliopakwa chokaa. Saa sita mchana ukuta ule wawaka. Nikifungua picha ya giza, tuseme mashua jioni au bibi harusi mwenye buibui, naona kibonye cha nafasi kimepita kifuani mwa bibi harusi. Mteja ameketi kando yangu, aniambia "hapo pana mstari, ufute". Mstari haumo kwenye picha! Nitamweleza watu wangapi?

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Mdau uliyesema "kikiwashwa hayaonekani, kwa hivyo laptopu ni nzima". Kaka, kwako wewe unayefanya kazi usiku chumbani, sawa. Ungeniambia ni ya kuandikia barua na bei ishushwe, ningekuelewa. Sikatai mtu kununua kioo chenye madoa akijua anachonunua. Ukiwa wachomeka kioo kikubwa cha mezani kila siku, mimi mwenyewe ningekwambia chukua, ila bei iwe ya mashine mbovu kioo, itolewe gharama ya kifuniko kizima. Ninachokataa ni kulipishwa gredi A.

Aliyependekeza nisugue utando wote utoke kwa maji ya kusukutulia mdomo: najua wako wanaofanya hivyo, na kwenye zile MacBook za zamani wengi wametoa mabaki yote mpaka kioo kikawa sawa pande zote. Madoa huisha kweli. Ila unabaki na kioo kitupu kinachong'aa, na mimi nimekwisha kueleza habari ya ukuta wangu. Pia nikishasugua, nitamrudishia vipi? Atasema nimeiharibu mwenyewe, na safari hiyo atakuwa na haki. Kwa hivyo kabla hujaamua kuirudisha au kubaki nayo, usiipake kitu. Na tafadhali, wenye vioo vya mati, vile visivyong'aa, msijaribu kabisa. Pale hakuna utando wa kuondoa ukabaki na kioo kizuri chini yake. Uso wenyewe umetiwa ukwaruzo mdogo mdogo ili utawanye mwanga, na ukiusugua unabaki na bato la kung'aa lisilotoka maisha. Mati yenye bato, mimi siinunui hata kwa robo bei.

Dada wa Malindi uliyeuliza kwa sababu umetumiwa video ya mashine kama yangu wiki hii: usilipe. Mwambie aizime mbele ya kamera, video moja isiyokatwa, aibebe mpaka dirishani au nje, aiinamishe polepole kulia, kushoto, kisha aimulike kwa tochi ya simu kwa ubavu. Asogeze kamera kwenye pembe zote nne na juu pale kwenye kamera ya kioo, maana huko ndiko utando huanza kumeguka. Mwambie aandike kwa maneno, "utando wa kioo hauna doa". Akianza kukuambia chaji imeisha, au mteja mwingine anaitaka sasa hivi, jibu umeshapata. Kama una jamaa Mombasa, heri aende yeye dukani akaishike mkononi.

Na yule aliyeandika kwamba watu wa visiwani tuzoee kuuziwa vya ovyo kwa kuwa hatufiki dukani, sina la kukujibu. Pesa yangu ilifika dukani.

Msimamo wangu: mashine nimeirudisha ndani ya boksi lake, haijapakwa kitu, video na meseji zote nimezihifadhi mahali pawili. Nimempa hadi Ijumaa arudishe 46,000 kamili pamoja na nauli ya mzigo kwenda na kurudi. Sitaki kubadilishiwa nyingine kutoka rafu ile ile. Mwenye kuwahi kupeleka dai kama hili mahakama ya madai madogo hapa Pwani, aeleze alianzia dawati gani na alidaiwa karatasi zipi. Andikeni hapa hapa uzini, wengine nao wasome.