Gumzo la Watoto wa Mvumi: gemu ninazozingojea

Ijumaa, 19 Desemba 2025, saa 12:48 jioni

Baraka: Shikamooni wakubwa. Nkuhungu leo hatuko vizuri. Jana umeme ulikatika mara tatu, na uliporudi mara ya tatu ulirudi na nguvu kupita kiasi, PS4, mashine yangu ya gemu, ikatoa moshi. Fundi mmoja ameifungua mchana huu, anasema pawa saplai imeungua na bodi nayo imeguswa. Anataka 180,000 na hana uhakika kama itawaka.

Mama: Marahaba. Ile harufu ya waya hadi sasa iko sebuleni. Nimefungua madirisha yote na mvua hii.

Mjomba Yohana: Pole sana mjomba. Usimpe mtu hela kabla sijafika. Nimepaki Manyoni, kesho nakuja Dodoma tuitazame wote.

Dada Tumaini: Pole mdogo wangu. Najua ulivyoihangaikia hiyo mashine, uliuza hadi baiskeli.

Baraka: Asante dada. Kibanda cha kona kipo, mechi moja 500, ila pale ni mpira tu asubuhi mpaka usiku. Sasa jana gizani nikachukua daftari, nikawasha tochi ya simu, nikaanza kuandika gemu ninazotamani kuzicheza siku moja Mungu akijalia. Ukurasa umejaa. Nimeona nizilete hapa na nyie mtaje zenu. Za kwenye TV, za mezani, zozote.

Mama Mdogo Rehema: Taja tusikie. Neema yuko hapa begani, anasoma kabla yangu.

Baraka: Ya kwanza kabisa inaitwa Tales of Kenzera: Zau, ilitoka Aprili 2024. Aliyeianzisha ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyetoa sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins. Baba yake alifariki, na gemu yote ameitunga kutokana na msiba ule. Kijana Zau ni mganga. Anakwenda kwa Kalunga, mungu wa mauti, anamwomba amrudishie baba yake. Kalunga anamwambia sawa, niletee kwanza roho kubwa tatu. Basi anatembea nchi nzima na vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, anavibadilisha katikati ya pigano.

Baraka: Na Mama, hili ni lako. Ina sauti za Kiswahili. Si maandishi ya chini, ni watu wenyewe wanaongea Kiswahili.

Mama: Kiswahili hiki chetu?

Baraka: Hiki hiki. Niliangalia kipande YouTube, bando la siku nzima likaishia pale. Nilikuwa nimevaa hedifoni, nikasikia kijana anasema "Baba". Nikaisimamisha kwanza.

Mama: Na anampata?

Baraka: Sijui, na sitaki kuambiwa. Dada kama umesoma mahali, tafadhali nyamaza.

Dada Tumaini: Sijasoma. Ila nimeshuka daladala kituo kimoja kabla ya changu, sikutaka watu wanione.

Mama: Februari inatimia miaka minne tangu baba yenu atutoke.

Mama: Baraka, siku ukiipata mimi nitakaa na wewe. Kubonyeza sijui, lakini nitasikiliza mpaka mwisho. Zile zako nyingine wanaongea Kiingereza chao cha haraka, mimi naona taa zinawaka tu.

Baraka: Ndiyo maana iko namba moja, Mama. Na niseme ukweli, hata PS4 ingekuwa nzima isingeicheza. Inataka PS5, au Xbox za sasa, au Nintendo Switch, au kompyuta. Ndiyo maana hiyo 180,000 ya fundi inaniuma kuitoa. Ningeiweka kwenye kompyuta, hata kazini ningeitumia kuingiza programu kwenye simu za wateja.

Mjomba Yohana: Hapo umenena. Subiri nifike. Ya pili?

Baraka: Clair Obscur: Expedition 33. Wiki iliyopita imetangazwa gemu bora ya mwaka 2025, imezoa tuzo 9 usiku mmoja. Studio ni ndogo, Sandfall, iko Montpellier, Ufaransa. Kisa chake ni kizito. Kuna mji, na mbali baharini kuna mnara wa jiwe. Kila mwaka mwanamke mmoja mchoraji anaamka anaandika namba kwenye ule mnara, na kila mwenye umri wa namba hiyo au zaidi anapeperuka kama majivu na maua. Alianza juu, anashuka mwaka hadi mwaka. Sasa amefika 33.

Mama Mdogo Rehema: Ina maana kule hakuna mzee?

Baraka: Hakuna. Watu wanaaga bandarini wakiwa na miaka 33, wamevaa mashada ya maua. Waliobaki na mwaka mmoja wanajitolea kwenda kumzuia huyo mwanamke. Kila mwaka wanakwenda, hawarudi.

Mama Mdogo Rehema: Nimemsomea Babu. Amenyamaza kidogo kisha akauliza, sasa huko watoto wanafundishwa na nani?

Baraka: Babu ameuliza swali ambalo sikuliona kwa mtu yeyote. Nimeliandika pembeni ya jina la gemu.

Dada Tumaini: Mimi yangu ninayo. Split Fiction. Nimeisikia kwa mwenzangu wodini, anaicheza na mume wake. Ni ya watu wawili tu, peke yako haichezeki kabisa. Wasichana wawili waandishi, Mio na Zoe, wanaingia ndani ya hadithi zao wenyewe, moja za anga na mashine, nyingine za mazimwi. Na mmoja akinunua, mwenzake anaingia bure hata akiwa mji mwingine.

Baraka: Ndiyo, wa Sweden hao, Hazelight. Mio na Zoe ni majina ya mabinti wa mkurugenzi wao, Josef Fares. Iko kwenye daftari, na pembeni nimeandika "na Dada".

Dada Tumaini: Basi nitanunua mimi. Wewe tafuta hiyo kompyuta. Zamu zangu za usiku zikiisha Januari tunaanza.

Mjomba Yohana: Na ile ya kuendesha magari mjini, inayosemwa kila siku?

Baraka: GTA VI. Wameiahirisha mara mbili, sasa wametaja 19 Novemba 2026. Hiyo nitaichezea kwa watu. Ninayoitaka zaidi ni Silksong, ya jamaa wachache wa Adelaide, Australia. Waliitangaza Februari 2019, watu wakangoja mpaka 4 Septemba mwaka huu, na siku hiyo maduka ya mtandaoni yalizidiwa. Dola 20 tu, na kompyuta ya kawaida inaiweza.

Saa 2:15 usiku

Mjomba Yohana: Nimemaliza kula. Umesema na za mezani. Hizo ni zipi zaidi ya drafti na karata?

Baraka: Mjomba, kuna moja nikiisoma nakuona wewe. Inaitwa Sky Team. Mwaka 2024 ilipata tuzo kubwa ya michezo ya mezani kule Ujerumani, Spiel des Jahres. Watu wawili, mmoja rubani, mwenzake rubani msaidizi, mnatua ndege. Kila mmoja ana dadu nne na kikinga mbele yake. Kabla ya kurusha mnaongea mnavyotaka, mnapanga. Dadu zikishatua mezani, kimya. Hakuna neno, hakuna ishara. Unaweka dadu yako moja, yeye anaweka yake.

Mjomba Yohana: Unaweka wapi?

Baraka: Kila raundi lazima wote wawili muweke moja kwenye usawa wa mabawa. Wewe ukiweka 5 yeye akiweka 2, ndege inalala upande wako. Ikizidi inajizungusha, mmekufa. Nyingine kwenye injini, mnajumlisha, ikizidi mnasogea haraka. Mbele kuna ndege za wengine, lazima mziondoe kwa redio kabla hamjafika. Na bado magurudumu, breki. Raundi 7 hivi mpo chini au hampo.

Mjomba Yohana: Mjomba, hiyo ninaifanya kila wiki Sekenke.

Mjomba Yohana: Nikiwa na mzigo wa tani 28 mteremko ule, mimi na utingo hatuongei. Tunaongea juu, kabla ya kuanza kushuka. Namwambia leo nitashuka gia ya tatu, wewe shika kushoto. Baada ya hapo ni kimya. Yeye anaangalia kioo chake, mimi changu. Akigonga mlango mara moja, tairi limekaribia ukingo. Mara mbili, kuna gari linataka kupita. Nikisikia hajagonga kitu najua yuko macho, maana namwona mkono uko tayari. Mwaka wa sita huu na kijana yule.

Baraka: Mjomba, hicho ulichoandika ndicho mchezo wenyewe.

Mjomba Yohana: Nataka kuicheza na yeye. Inauzwa wapi?

Baraka: Hapa Dodoma sijaiona. Ni ya kuagiza, na usafiri unaweza kukaribia bei yake. Lakini sanduku la viatu lipo, dadu za ludo zipo. Naweza kuchora ubao wa kujifunzia wakati tunasubiri ya kweli.

Mama Mdogo Rehema: Huyu ni Neema naandika. Shikamoo wote. Kaka Baraka mimi nataka ile ya ndege wanaoruka uliyonionyesha wakati ule. Ya mayai.

Baraka: Marahaba mdogo wangu. Wingspan, kaitunga Elizabeth Hargrave, Marekani, mwaka 2019. Ina kadi 170, kila kadi ndege mmoja amechorwa kwa mkono, na vijiyai vya rangi rangi. Kila ndege anafanya kazi anayofanya kweli porini: mwewe anawinda, wengine wanaficha chakula, wengine wanataga kwenye viota vya wenzao.

Mama Mdogo Rehema: Je kanga yumo?

Baraka: Kwenye sanduku la kwanza ni ndege wa Amerika Kaskazini, Neema. Kanga hayumo.

Mama Mdogo Rehema: Na wale kasuku wadogo wa kwenye mbuyu wa shule? Wenye kichwa cheusi na shingo ya njano?

Baraka: Hao hawamo. Hao asili yao ni Tanzania hii hii. Wa kwetu.

Mama Mdogo Rehema: Basi mimi nitachora. Kanga, hondohondo, kunguru na wale.

Mama Mdogo Rehema: Ni mimi mama yake sasa. Ameshakata boksi la sabuni. Hawa kasuku wanataga kwenye matundu ya mbuyu, mayai mangapi mimi sijui, ameniambia kesho tukawaangalie. Mimi mwalimu wa sayansi sikuwahi kupanda kwenye mbuyu ule.

Mama: Mpandishe ngazi, asiparamie.

Saa 3:05 usiku

Babu: [ujumbe wa sauti, dakika 3]

Dada Tumaini: Jamani niko kazini siwezi kusikiliza. Mama Mdogo tuandikie.

Mama Mdogo Rehema: Anasema hivi. "Baraka, nimesikia gemu zako zote nimesomewa. Nilikuwa nauliza kila moja, inachezwa na wangapi. Na mimi ninayo yangu. Mwaka 1968 nilikwenda Tanga kukata mkonge. Jioni pale kambini walikuwa wanacheza bao, lile la Kiswahili, mashimo 32, kete 64. Kulikuwa na mzee wa Unguja, mtu akikaa mbele yake anamaliza kete za mkononi hajui limemtoka wapi. Nilimtazama miezi saba. Sikuthubutu kukaa. Nilipopata ujasiri, alikuwa amesharudi kwao. Bao nililichonga mwenyewe nikalileta Mvumi, nimewafundisha wengi hapa, wote nawafunga. Ninachotaka kabla sijazima ni kukaa na fundi wa Unguja, siku moja tu. Anifunge, sawa. Ninataka kujua nilikuwa umbali gani."

Mama Mdogo Rehema: Mwisho wa sauti anakohoa tu.

Mama: Baba hajawahi kutuambia hili.

Dada Tumaini: Babu, shikamoo. Kutoka Dodoma mpaka Dar treni ya SGR ni chini ya saa nne. Mimi nakupokea stesheni. Boti ya kwenda Unguja ni kama saa mbili. Unalala kwangu usiku mmoja, asubuhi tunavuka. Februari nina likizo.

Mjomba Yohana: Nauli ya Babu ni mimi.

Baraka: Na mimi nitamwachia yule fundi mashine akaiuze vipuri. Sitengenezi tena.

Mama Mdogo Rehema: Babu anasema Februari palizi itakuwa imekwisha. Ameuliza kama kwenye boti watu wanatapika.

Dada Tumaini: Februari bahari huwa na upepo wa kaskazi, mwambie tutapanda ya asubuhi mapema na nitakuwa na dawa.

Jumamosi, 20 Desemba 2025, saa 1:30 asubuhi

Mama Mdogo Rehema: [picha]

Mama Mdogo Rehema: Babu kaamsha nyumba nzima kulitafuta bao lake. Lilikuwa juu ya gunia la uwele, limefunikwa kanga ya Bibi. Neema amehesabu komwe, zile kete zake, mara mbili, ziko 61.

Baraka: Naona nyumba upande wa kulia imechongwa mraba. Nilikuwa sijawahi kuliona kwa karibu.

Mama Mdogo Rehema: Anamfundisha Neema sasa hivi. Sita ndani ya nyumba, mbili na mbili kwenye mashimo ya pembeni yake, 22 mkononi. Upande wa Babu umetimia. Wa Neema umepungua tatu, amekwenda jikoni amerudi na mbegu za ubuyu. Ni ndogo kidogo, Babu ameshika moja akaizungusha kwenye vidole, akasema inafaa.

Mama Mdogo Rehema: Anauliza nani anafika wa kwanza leo, ndiye ataanza naye namua, ile hatua ya kwanza ya bao.

Mjomba Yohana: Mwambie nimeshapita Bahi.