Anajua majina yote, ila hajui kipi kilitangulia

MamaWawili: Wadau, nafundisha historia nyumbani, watoto wa miaka 7 na 10. Mkubwa anamtaja Cleopatra, malkia wa Misri, na piramidi bila kusita, ila ukimuuliza kipi kilitangulia anabahatisha. Nianzie wapi?

Rula: Utepe wa wakati. Chukua karatasi 7 za A4, kila moja ikate kwa urefu vipande vitatu vya sm 7. Kwenye kila kipande pima sm 28. Kinachobaki ni cha gundi. Sentimita 1 ni miaka 10, hivyo vipande 19 vinakurudisha hadi mwanzo wa maandishi, kama 3200 KK. Viwili vya akiba utavihitaji, niamini.

Leo ikae kulia, mkubwa arudi nyuma kwenda kushoto. Kisha aweke alama tatu: Piramidi Kuu ya mji wa Giza, Misri (kama 2560 KK), kifo cha Cleopatra (30 KK), binadamu kutua mwezini (1969). Mpe rula apime mwenyewe. Piramidi hadi Cleopatra, sm 253. Cleopatra hadi mwezini, sm 200 hivi. Hapo nyamaza, mwache ashangae.

Pa kuharibikia ni karne ya mwisho: sm 10 tu, kila kitu kinabanana, na mzazi anashawishika kupanua kipimo katikati. Ukifanya hivyo utepe umekufa. Tengeneza wa pili, sm 1 kwa mwaka 1. Pia hakuna mwaka 0, kwa hiyo ukivuka kutoka KK kwenda BK toa 1: 30 + 1969 − 1 = 1998.

Kizazi: Huyo wa miaka 7 usimpe tarakimu kwanza. Mpe vizazi: mimi, mama, bibi, mama yake bibi. Amhoji mzee mmoja, maswali matatu yanatosha. Asiulize "mwaka gani?" Aulize "ulikuwa umeshaanza shule?" Watu wanakumbuka tukio kwa tukio, mwaka mtaukokotoa baadaye.

MamaWawili: Asanteni. Mkubwa akimaliza utepe?

Rula: Chanzo kimoja, aya moja, maswali matatu: nani kasema, alikuwepo, na muda gani ulipita kabla ya kuandikwa? Mfano Ibn Battuta, msafiri wa Morocco wa karne ya 14. Alifika Kilwa 1331, lakini safari zake alimsimulia mwandishi mwingine, kazi ikaisha 1355. Kwenye utepe ni sm 2.4. Anasema mji ulijengwa kwa mbao, ilhali msikiti mkuu wa mawe ulikuwepo tayari kabla yake, na magofu yake yapo hadi leo. Usimuulize mtoto "kweli au uongo?", atachagua upande na somo litaishia hapo. Muulize inawezekanaje vyote viwili vikawepo. Alisahau? Aliona mtaa mmoja tu? Mwandishi alikosea? Aandike majibu mawili na ushahidi ambao ungemfanya abadili mawazo.