Wifi mchana iko poa, jioni inazunguka tu. Nifanyeje?

MkaziWaZimma
Wadau habarini. Niko Zimmerman, Nairobi, fleti ghorofa ya tatu, nalipia faiba ya kasi ya 20 Mbps. Mchana iko sawa, lakini kuanzia saa moja jioni watu wakitoka kazini inaanza mambo yake, video inazunguka, mtoto analilia katuni, na mkutano wa kazi sauti inakatakata. Nikipima hapa sebuleni kando ya rauta napata 5, chumbani 2 haifiki. Kampuni wanasema laini iko sawa, nizime niwashe. Nimezima nikawasha mpaka swichi imelegea. Kuna mse ameniambia ninunue ekstenda, kile kifaa cha kudaka wifi na kuirusha mbele, kabla sijatoa pesa naomba mawazo.

waya_kwanza
Usinunue kitu bado. Azima waya wa ethaneti, chomeka laptopu kwa rauta moja kwa moja, saa hiyo hiyo ya jioni si mchana, upime. Ukipata karibu 20 laini haina shida, shida iko hewani. Ukipata 5 hata kwa waya, hapo rudi kwa kampuni uwabane.

MkaziWaZimma
Kwa waya inasoma 19 na kitu. Nikichomoa, meza ile ile, laptopu ile ile, 4. Kwani?

waya_kwanza
Sasa weka programu ya WiFi Analyzer kwa simu ya Android utuambie majirani wako chaneli gani, yaani njia ya hewani ambayo rauta ya kila mtu inatumia.

MkaziWaZimma
Weh! Majina yamejaa, mengine ni ya ploti ya ng'ambo ya barabara. Wengi wako 6 na 11, wachache 1. Mimi niko 6. Kwa 3 sioni mtu, nihamie?

Mtoto_wa_Umoja
Hamia 3 bana, si iko tupu. Mimi niko 4 na silii.

waya_kwanza
@Mtoto_wa_Umoja usimpoteze mwenzako. Kwa 2.4 GHz, bendi ya wifi unayotumia sasa, chaneli zimeachana 5 MHz tu na rauta inakula upana wa 20, kwa hivyo ukikaa 3 unakanyaga wa 1 na wa 6 pamoja. Zisizogusana ni 1, 6 na 11, basi. Na afadhali ukae chaneli moja kabisa na jirani, maana hapo rauta zinasikizana, moja ikirusha nyingine inangoja zamu, lakini ukijipachika katikati hawakuelewi, wewe kwao ni kelele tu, kila mtu anaongea juu ya mwenzake na data inabidi irudiwe. Ingia setingi, anwani iko kwa stika chini ya rauta, weka chaneli 1 na upana 20. Ukikuta upana ni 40 toa, kwa fleti zimebanana hivi hiyo ni kujitafutia balaa. Halafu uwashe 5 GHz, ile bendi nyingine ya wifi, kama rauta inayo, huko nafasi ni kubwa.

mama_wa_keja
Na rauta umeiweka wapi? Wengi wanaificha nyuma ya tivi ama juu ya friji. Maikrowevu nayo inafanya kazi karibu na 2.45 GHz, ukipasha chakula saa ya mkutano utajua hujui. Hata flashi ya USB 3 ikichomekwa kwa rauta inaweza sumbua 2.4, watu hawaiwazii kabisa.

MkaziWaZimma
Ilikuwa nyuma ya tivi 😂 nimeitundika ukutani karibu na korido. Kwa 5 GHz sebuleni inafika 18, jioni hii hii! Chumbani 5 GHz inashika kwa shida, kuta za mawe hizi, lakini 2.4 kwa chaneli 1 inanipa 9. Video haikwami. Sasa ekstenda ya chumbani bado inafaa?

waya_kwanza
Hizo za bei rahisi zinapokea na kurusha kwa hewa ile ile, kasi inaenda karibu nusu na unaongezea majirani kelele. Ukitaka chumbani kuwe poa pitisha waya juu ya mlango, mwisho wake uweke rauta ya pili kama akses pointi, yaani ya kurusha wifi tu, chaneli 11 ama 5 GHz. Kwa 9 lakini mtoto ataona katuni zake, mimi ningeacha hivyo.

MkaziWaZimma
Sawa mkuu, nangoja mwisho wa mwezi ndio ninunue waya.