Flai ya krefishi inalala chali majini, nakosea wapi?

kambale_mtoro: Wakuu habari. Niko Arkansas huku Marekani mwaka wa tatu sasa, wikendi nashinda White River chini ya bwawa la Bull Shoals natafuta samaki aina ya trauti wa kahawia. Wenyeji wanasema wale wakubwa wanapenda krefishi (kamba wa maji baridi mwenye magando) basi nikajifungia flai mwenyewe, yaani chambo bandia cha manyoya kwenye ndoana, ndoana namba 6, macho ya risasi (vishanga vizito vya madini ya risasi) juu ya mgongo wa ndoana karibu na tundu la kufungia uzi, gamba jekundu nikalilaza hapohapo juu, magando ya ngozi ya sungura marefu kweli yanachungulia mbele. Nikiijaribu kwenye ndoo inalala chali!! Na mtoni samaki anaifuata kidogo halafu anageuka zake.

fundi_manyoya: Pole kaka. Mi nimefunga flai Kenya miaka sita, za kuuza nje, tunalipwa kwa dazeni, kwa hiyo kosa lako nimeliona hata kabla sijamaliza kusoma. Risasi ikikaa mgongoni inaigeuza ndoana ncha inatazama juu, na hiyo ndo tunayotaka maana haikwami kwenye mawe. Sasa wewe gamba umelifunga upande uleule wa risasi, lazima liende chini. Lihamishie upande wa ncha. Halafu krefishi akishtuka anakimbia kinyumenyume, mkia unatangulia, hivyo mkia uwe kwenye tundu la ndoana na magando yabaki nyuma kwenye mkunjo. Ndiyo, macho ya risasi yatakuwa yamekaa mkiani, usicheke, samaki hajali.

kambale_mtoro: Duh, kumbe nimemfunga anaenda mbele kama mbuzi 😂

mama_ndoana: Na huo wekundu mwanangu, wengi wanakuwa wekundu hivyo wakishafika sufuriani. Wa mto huo wana rangi ya zeituni na kahawia kama mawe yenyewe, geuza jiwe moja ukingoni utamwona. Magando nayo yapunguze, trauti hataki ugomvi, anatafuta kadogo kenye magando mafupi au aliyejivua gamba juzi bado laini. Inchi moja na nusu yote inatosha.

naivasha_besi: Mnajisumbua bure na magamba. Mi navua samaki aina ya besi Naivasha, krefishi waliletwa ziwani 1970 na besi wanawatafuna vizuri tu, natumia wuli baga ya zeituni, flai ya manyoya tu isiyo na gamba, basi. Iache ishuke mpaka chini, ivute kwa vipande vifupi vifupi, tulia, vuta tena.

fundi_manyoya: Baga inakamata ndiyo, ila mwenzio ameuliza krefishi. Hapo kwenye kuvuta lakini nakubali mia kwa mia.

kambale_mtoro: Nimefumua moja usiku huu nikaifunga upya, kwenye ndoo imekaa wima. Ila sungura ameniishia, nitumie nini kwa magando?

mama_ndoana: Nywele za mkia wa kindi. Funga kidogo kidogo, usijaze.